Darubini ya kioo ya milimita 114 haitoi taswira kali: kosa liko wapi?

#1 MwalimuWaFizikia (Dodoma)

Wakuu, salaam. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na mwezi uliopita ndugu yangu anayeishi ng'ambo aliniletea darubini ya kioo ya aina ya Newton ili wanafunzi wayaone kwa macho yao yale tunayoyachora ubaoni. Kibandiko chake kinasema D=114 na F=1000, yaani kipenyo cha kioo na urefu wa fokasi kwa milimita. Bomba lake ni fupi. Nimelipima nikapata sentimita 47. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 20 na ya milimita 4, pamoja na lenzi ya Barlow (ya kuzidisha ukuzaji) ya mara tatu.

Mchana, nikiielekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, naviona vyuma vyake vizuri kwa lenzi ya milimita 20. Usiku mambo hubadilika. Nyota inaonekana kama bangili, yaani duara la mwanga lenye tundu jeusi katikati. Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, ni doa jeupe lisilo na mstari wowote. Mwezi unaonekana, lakini kingo za mashimo yake zimefifia kana kwamba nimevaa miwani ya mtu mwingine. Nikiweka lenzi ya milimita 4 sipati chochote kilicho wazi, hata nikilizungusha gurudumu la fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ijumaa iliyopita wanafunzi arobaini walipanga foleni, wakaondoka wakiwa wameona ukungu, na jambo hilo limeniuma. Je, kioo ni kibovu, au kuna jambo ninalikosea?

#2 Suheli_Pwani (Tanga)

Mwalimu, karibu. Tundu jeusi katikati ya bangili si ugonjwa wa kioo. Ni kivuli cha kile kioo kidogo cha mshazari kilichotundikwa mbele ya bomba, nacho huonekana kila mara nyota inapokuwa nje ya fokasi. Endelea kuzungusha gurudumu polepole: bangili ikizidi kuwa kubwa, unakwenda upande usio wake, na ikizidi kuwa ndogo, uko njiani. Nyota iliyo kwenye fokasi ni nukta tu, haiwi duara. Nadhani ulipanga fokasi kwa mnara mchana, kisha usiku ukaiacha pale pale.

#3 Babu_Kilimia (Mwanza)

Nakubaliana na Suheli kuhusu bangili, ila hiyo haielezi lenzi ya milimita 4. Gawanya 1000 kwa 4 upate mara 250. Kanuni tunayoitumia ni kwamba ukuzaji wenye manufaa haupiti kipenyo cha kioo kwa milimita ukizidishwa kwa mbili, yaani mara 228 kwa darubini yako, na hapo ni katika usiku ambao hewa imetulia kabisa. Ukiongeza ile Barlow ya mara tatu unafika mara 750, ukuzaji ambao kioo cha milimita 114 hakiwezi kuubeba hata kingekuwa kimetengenezwa na fundi bora kuliko wote. Iweke Barlow kabatini, lenzi ya milimita 4 uifungie humo humo, utumie ya milimita 20 peke yake.

#4 DadaWaMirihi (Nairobi)

Habari za jioni. Ningependa kuweka tarakimu chini ya maelezo ya namba 2, kwa sababu watu wengi hawaamini kwamba mnara na nyota vina fokasi tofauti. Kwa darubini yangu ya 114 yenye fokasi ya milimita 900, kitu kilicho umbali wa mita 30 kinahitaji bomba la lenzi litoke nje takriban milimita 28 zaidi kuliko nyota. Kitu cha mita 100 kinahitaji milimita 8, na cha kilomita 1 hakifiki hata milimita 1. Kuanzia hapo hadi Mwezini, tofauti haionekani kwa jicho. Kwa hiyo, Mwalimu, tuambie mnara huo uko umbali gani. Ukiwa mita 100, basi nyota zako zinahitaji bomba lirudi ndani kwa unene wa kidole hivi.

#5 FundiSkrubu (Morogoro)

Mimi nasema vioo havijapangwa. Darubini imesafiri kwa ndege, kisha kwa basi, na nyuma ya kioo kikuu kuna skrubu tatu za kukielekeza ambazo hulegea njiani. Mwalimu, fanya jaribio moja. Iweke nyota angavu katikati ya uwanja wa kuonea, iondoe kwenye fokasi makusudi mpaka bangili iwe kubwa, kisha utazame lile tundu jeusi. Likiwa katikati hasa, vioo viko sawa. Likiwa limeegemea upande mmoja, hakuna fokasi utakayoipata, hata uzungushe gurudumu mpaka asubuhi.

#6 MkaziMaskati (Maskati)

Salaam kutoka Oman. Hakuna aliyeuliza darubini ilikuwa imehifadhiwa wapi kabla ya kutolewa nje. Hapa kwetu kosa la kwanza la kila mgeni ni kuitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka moja kwa moja kwenye hewa ya pwani. Kioo baridi kikikutana na unyevu hufunikwa na umande papo hapo, lenzi ya jicho nayo huwa kama kioo cha bafuni. Nilihangaika na fokasi wiki nzima kabla ya kumulika tochi ndani ya bomba na kukikuta kioo kizima ni cheupe. Siku hizi naiacha sebuleni bila kiyoyozi kwa saa moja ikiwa imefunikwa, ndipo naitoa.

#7 Babu_Kilimia (Mwanza)

Mkuu wa Maskati, Dodoma si Maskati. Kule hewa ni kavu na umande ni wa nadra. Ila wazo la joto ni zuri likigeuzwa: kioo cha Mwalimu huenda ni cha moto, si cha baridi.

#8 MwalimuWaFizikia (Dodoma)

Nawashukuru wote. Najibu kwa mpangilio. Mnara nimeukadiria kuwa umbali wa mita 300. Darubini inahifadhiwa katika stoo ya maabara yenye paa la bati, na siku ile tuliitoa saa moja na nusu jioni tukaanza kutazama saa mbili, kwenye uwanja wa zege mbele ya madarasa. Tundu jeusi sikulichunguza, ila nakumbuka bangili ilikuwa nene upande mmoja kuliko mwingine. Mwenzangu wa idara ya kemia ameshauri tukifute kioo kikuu kwa pamba na spiriti kwa sababu kina vumbi. Nifanye hivyo?

#9 FundiSkrubu (Morogoro)

Usikifute! Vumbi halina uhusiano wowote na fokasi. Hupunguza mwanga kidogo tu, tena kidogo mno. Utando wa alumini uko juu ya kioo, wala hauko nyuma yake kama kwenye kioo cha kujitazamia, na ni mwembamba kiasi kwamba pamba kavu yenye chembe moja ya mchanga itauchora daima. Siku kikichafuka kweli kweli, kitolewe, kimwagiwe maji safi, kisuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa na kiachwe kikauke kimesimama. Umesema bangili ni nene upande mmoja. Ushahidi huo unanitosha: panga vioo.

#10 KiooKikuu (Arusha)

Nimesoma kuanzia mwanzo, na kuna kipimo kimoja ambacho wote mmekipita. Fokasi ni milimita 1000 lakini bomba ni sentimita 47. Darubini ya Newton ya kawaida huwa na bomba linalokaribiana urefu na fokasi yake, kwa kuwa mwanga husafiri mara moja tu kutoka kioo kikuu hadi karibu na mdomo wa bomba. Sentimita 47 haziwezi kubeba fokasi ya mita moja isipokuwa kuna lenzi nyingine iliyofichwa chini ya bomba la fokasi, inayoirefusha fokasi ya kioo takriban mara mbili. Mtindo huo huitwa Bird-Jones. Kioo chake ni kipande cha tufe, na lenzi hiyo inatakiwa pia kurekebisha kasoro ya tufe, yaani miale ya ukingoni kukutana mahali tofauti na miale ya katikati. Katika darubini za bei ya chini lenzi hiyo mara nyingi haiifanyi kazi hiyo sawasawa. Kwa hiyo, Mwalimu, inawezekana hujakosea lolote: miale haina mahali pamoja pa kukutania.

Hesabu za Dada wa Nairobi ni sahihi kwa darubini yake, lakini haziwezi kuhamishiwa kwenye hii moja kwa moja, kwa sababu lenzi iliyofichwa husogea pamoja na bomba la fokasi na kuubadilisha urefu wa fokasi kila unapozungusha.

#11 DadaWaMirihi (Nairobi)

Nimekubali sahihisho. Sikuutazama urefu wa bomba. Na kwa mita 300, hata kwa darubini yangu tofauti isingezidi milimita 3.

#12 Suheli_Pwani (Tanga)

KiooKikuu, nadhani unakihukumu kioo cha tufe kwa ukali. Newton mwenyewe alipotengeneza darubini yake mwaka 1672 alitumia kioo cha tufe, na ilifanya kazi.

#13 KiooKikuu (Arusha)

Ni mwaka 1668, Mkuu. Mwaka 1672 ndipo habari zake zilipoenea London, baada ya darubini ya pili kupelekwa kwenye Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko. Kuhusu tufe una haki nusu. Kioo kidogo chenye fokasi ndefu, kama kile cha milimita 114 kwa 900 cha Dada, kinaweza kuwa tufe na jicho lisione tofauti, kwa sababu mkunjo wake ni hafifu. Kioo cha upana huo huo chenye fokasi fupi kina mkunjo mkubwa, na hapo tufe na parabola (mkunjo unaokusanya miale mahali pamoja) huachana. John Hadley alionyesha darubini yenye kioo cha parabola mwaka 1721, na ilikuwa bora sana kuliko zilizoitangulia.

Anayedhani tofauti ndogo haina maana na akumbuke Hubble, darubini ya anga za juu. Ilirushwa Aprili 1990, na ukingo wa kioo chake cha mita 2.4 ulikuwa bapa kupita kiasi kwa mikromita 2.2, sehemu ndogo mno ya unene wa unywele. Picha zake zilikuwa na ukungu mpaka wanaanga walipokwenda kuirekebisha Desemba 1993. Ugonjwa ulikuwa ule ule, miale ya ukingoni na ya katikati kutokutana.

#14 Babu_Kilimia (Mwanza)

Tumefika Hubble na Mwalimu bado yuko kwenye uwanja wa zege. Turudi kwake. Zege iliyochomwa na jua kutwa nzima hutoa joto mpaka usiku wa manane, na paa la bati ndiyo tanuri lenyewe. Saa mbili usiku kioo chake kilikuwa na joto la stoo, na hewa ndani ya bomba ilikuwa inachemka kama hewa juu ya jiko la mkaa. Vijana wangu huku Mwanza waliwahi kukataa kuamini jambo hili mpaka tulipotazama nyota ile ile saa mbili na tena saa tano. Ilikuwa kama darubini mbili tofauti. Mwalimu, itoe saa kumi na mbili jioni, iweke kwenye nyasi au udongo, uiache saa nzima bila kuigusa. Na usitazame kitu kilicho juu ya paa la darasa.

#15 KijanaWaZuhura (Mombasa)

Shikamooni wazee. Naomba kuongeza kisa changu ingawa kinaweza kuwa hakihusiani. Nilikuwa nikitazama kupitia dirisha la chumba changu ghorofa ya tatu, kioo kimefunguliwa lakini wavu wa mbu umebaki. Kila nyota ilikuwa na msalaba wa mwanga na ukungu pembeni, nami nikapanga vioo mara nne bila mafanikio. Mama ndiye aliyeniuliza kwa nini siutoi wavu. Nilipoutoa, nusu ya tatizo iliondoka. Nusu iliyobaki ni joto la chumba linalotoka kupitia dirisha hilo hilo.

#16 Suheli_Pwani (Tanga)

Marahaba, kijana. Kisa chako kinahusiana sana, na mama apewe darubini yake. Mwalimu hatazami kupitia dirisha, lakini naomba athibitishe jambo moja: kifuniko kikubwa cha mbele hutolewa chote, au hufunguliwa kile kitundu kidogo tu? Nimekutana na watu watatu waliotumia kitundu kwa mwaka mzima wakidhani ndio mlango wa mwanga.

#17 MwalimuWaFizikia (Dodoma)

Hutolewa chote. Naomba sasa mnielekeze namna ya kujua kwa uhakika kwamba nimefika kwenye fokasi, kwa kuwa kila mwanafunzi anazungusha gurudumu na kila mmoja anasema kwake ndipo pazuri.

#18 DadaWaMirihi (Nairobi)

Hilo lina dawa isiyogharimu kitu. Chukua boksi gumu, kata duara la kufunika mdomo wa bomba, kisha toboa matundu mawili yenye upana wa sentimita 3 hivi, moja kila upande, mbali na katikati. Elekeza kwenye nyota angavu. Nyota ya Suheli ni nzuri kwa kazi hii ikiwa juu. Nje ya fokasi utaona nyota mbili. Unapozungusha gurudumu zitakaribiana, na zikiwa moja, hapo ndipo fokasi ilipo. Ondoa boksi bila kugusa kitu kingine. Kama kwenye lenzi ya milimita 20 nyota mbili zinakuwa moja, basi bomba la fokasi linafika panapotakiwa, na mjadala wa namba 2 na namba 4 umefungwa. Kama haziwi moja kabisa mpaka mwisho wa bomba, basi kuna kitu hakiko mahali pake.

#19 FundiSkrubu (Morogoro)

Kwa kuwa umegusa vitu visivyo mahali pake, nieleze kisa. Jirani alinunua darubini iliyotumika, ya mtindo huu huu wa bomba fupi, na haikufika kwenye fokasi kwa lenzi yoyote. Tulipofungua bomba la fokasi tulikuta sehemu ya hesi tupu. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameitoa ile lenzi ya ndani aisafishe, akasahau kuirudisha. Mwalimu, chungulia chini ya bomba la fokasi kama kuna lenzi.

Nyongeza kwa watakaopanga vioo: kwa mtindo huu leza haiaminiki, kwa sababu lenzi ya ndani huitawanya miale yake. Tumia kifuniko cha plastiki chenye tundu dogo katikati hasa, ukiweke mahali pa lenzi ya jicho na kuchungulia, kisha umalizie kwa nyota yenyewe. Skrubu zizungushwe robo mzunguko kwa wakati mmoja, si zaidi.

#20 Babu_Kilimia (Mwanza)

Kwa kuwa kuna wanafunzi, niseme jambo moja ambalo si la fokasi. Kama kwenye boksi kulikuwa na kichujio kidogo cha jua cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, kivunjeni na kukitupa leo. Joto la jua hukusanyika hapo hapo, kikipasuka jicho halina muda wa kukimbia.

#21 MwalimuWaFizikia (Dodoma)

Kichujio kilikuwapo na nimekivunja. Naleta matokeo ya siku tatu.

Lenzi ya ndani ipo, KiooKikuu amepatia. Boksi la matundu mawili limefanya kazi vizuri ajabu: kwa lenzi ya milimita 20 nyota mbili zinakuwa moja, na bomba bado lina nafasi ya kwenda ndani. Tundu jeusi lilikuwa limeegemea upande mmoja waziwazi. Nilizungusha skrubu mbili kwa muda wa saa nzima, mwanafunzi mmoja akitazama na kuniambia, mpaka likakaa katikati. Kisha tuliiacha darubini kwenye udongo tangu saa kumi na mbili. Saa tatu usiku tuliona mistari miwili ya Mshtarii na miezi yake minne, ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, na Mwezi umekuwa mkali. Binti mmoja alikataa kuondoka kwenye lenzi mpaka wenzake walipomvuta.

Hata hivyo lenzi ya milimita 4 bado ni ukungu. Isitoshe, Mshtarii hutoka kwenye uwanja kabla sijamaliza kuzungusha gurudumu.

#22 FundiSkrubu (Morogoro)

Hongera, Mwalimu. Ilikuwa skrubu.

#23 Babu_Kilimia (Mwanza)

Au lilikuwa joto. Amebadilisha mambo mawili kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kati yetu anayeweza kudai ushindi. Kuhusu Mshtarii kukimbia, kwa mara 250 ni kawaida uvuke uwanja wote chini ya dakika moja, na stendi yake ya kiikweta (ya kufuata mzunguko wa anga) haitamsaidia mpaka mhimili ulazwe hadi nyuzi 6 za latitudo ya Dodoma, jambo ambalo stendi nyingi hazilikubali bila uzito wa kusawazisha kugonga mguu.

#24 KiooKikuu (Arusha)

Nami nasisitiza kwamba lenzi ya milimita 4 haitakuwa kali kamwe kwa kioo hiki. Mtafute mtu akuazime ya milimita 10, upate mara 100. Ikiwa kali, ukomo uko kati ya 100 na 250, na umeshaujua.

#25 MkaziMaskati (Maskati)

Mwalimu, nyota ikiwa kwenye fokasi kamili sasa ina umbo gani? Nukta, mstari, au vinginevyo?

#26 MwalimuWaFizikia (Dodoma)

Swali zuri. Ina kama pembe tatu ndogo.

#27 MkaziMaskati (Maskati)

Basi ongezeni maelezo mengine kwenye orodha. Kioo kikuu hushikwa na vibanio vitatu, na vikikazwa sana hukiminya, nyota ikapata pembe tatu. Vilegezwe mpaka karatasi ipite kati ya kibanio na kioo.

#28 DadaWaMirihi (Nairobi)

Kabla hajafungua chochote, naomba azungushe vitu kimoja baada ya kingine. Azungushe lenzi ya jicho: pembe ikizunguka nayo, kosa ni la lenzi. Azungushe kichwa chake: ikizunguka nacho, ni jicho lake mwenyewe. Alizungushe bomba ndani ya pete zake: ikizunguka nalo, ni kioo. Wengi wamefungua vioo kwa ugonjwa uliokuwa machoni mwao.

#29 MwalimuWaFizikia (Dodoma)

Nimefanya jana. Kuzungusha lenzi hakukubadilisha kitu. Kuzungusha kichwa hakukubadilisha kitu. Bomba limekwama kwenye pete, na nilipokuwa nikilegeza, mawingu yakafunga. Kabla ya hapo wanafunzi watatu walikuwa wametazama nyota ile ile: wawili walichora pembe tatu, wa tatu alichora duara, na anaapa kwamba ilikuwa duara.

#30 Babu_Kilimia (Mwanza)

Huyo wa tatu alitazama saa ngapi?

#31 MwalimuWaFizikia (Dodoma)

Ndiye aliyekuwa wa mwisho. Wawili wa kwanza ilikuwa saa mbili na robo. Yeye alitazama saa nne kasoro dakika kumi.